Saa za Gridi: Mafunzo Niliyopata Vituoni

Kazi yangu ni ulinzi wa mitambo katika vituo vya kupoza umeme. Nikifika kituoni, kifaa ninachokikagua kwanza ni saa.

1. Saa zisipolingana, chanzo hakijulikani. Gridi inapoanguka, rilei nyingi za ulinzi hufungua njia, yaani hukata umeme, ndani ya sekunde chache, na kila moja huandika wakati ilipofanya hivyo. Saa zikipishana, tokeo huonekana kuwa chanzo, na kituo kisicho na kosa hubebeshwa lawama. Agosti 14, 2003, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Wachunguzi walihangaika kupanga kipi kilitangulia kipi, maana vinasa matukio vingi havikuwa na saa zilizolinganishwa.

2. Kila kazi ina usahihi wake. Kupanga matukio, milisekunde moja inatosha. Kulinganisha pembe ya umeme kati ya vituo viwili, haitoshi kabisa. Umeme wetu wa Hz 50 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, kwa hiyo milisekunde moja ni nyuzi 18. Pembe ikikosewa kiasi hicho, mwongozaji wa gridi ataona njia imelemewa kumbe imetulia. Ndiyo maana vipimapembe, vilivyobuniwa Virginia Tech miaka ya 1980, hufuata saa ya setilaiti na kulenga mikrosekunde moja: nyuzi 0.018.

Hitilafu nayo hutafutwa kwa wimbi linalokimbia kwenye waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Hapo saa za ncha mbili zikipishana mikrosekunde moja, kikosi kinatumwa mita zipatazo 150 mbali na mahali penyewe. Huo ni usahihi wa kushukuru, kwa anayejua kukagua nguzo baada ya nguzo porini wakati wa masika.

3. Kumbukumbu ziandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Opereta atasema saa nane mchana, kompyuta ya kituo itaandika 14:00, na rilei inayofuata UTC itaandika 11:00. Zote ni saa ileile.

4. Setilaiti nazo hukosea. Januari 26, 2016, baadhi ya setilaiti za GPS zilitangaza wakati wenye kosa la mikrosekunde 13.7. Saa ya kituo ifuate mifumo zaidi ya mmoja, na iwe na saa ya atomi ya rubidiamu ya kuishikilia mawimbi yanapopotea. Ninalolisisitiza zaidi: ikipoteza setilaiti, iseme. Vipimo vya kipindi hicho vitiwe alama, na rilei isifungue njia kwa kuvitegemea.