Kuamka Bila Feni

Vijana wapendwa, laptopu yangu ina shida. Nikiifunika ikalala, kisha nikaiamsha, kioo kinawaka lakini feni haizunguki. Baada ya muda inachemka, inajizima, na kazi imepotea. Feni si mbovu. Kidhibiti chake ndicho hakijaamka. Dawa ya kwanza ni kuiwasha upya kwa kuchagua Restart. Kuizima tu huenda kusitoshe, maana Windows inaweza kutunza sehemu ya hali ya zamani ili iwake haraka.

Petro naye alilala Gethsemane, wakati Yesu alimtaka akeshe na kusali (Mk 14:37-38). Alipoamka alishika upanga, akamkata Malko sikio (Yn 18:10). Aliamka bila sala, akachemka.

Sisi je? Tunaamka na simu mkononi, na kabla ya chai tumeshamjibu mama vibaya. Kesho, kabla ya simu: Ishara ya Msalaba, kimya dakika moja, Baba Yetu. Na kama ulimi wako umeshamkata mtu sikio, mwombe msamaha, kisha nenda kaungame. Usijifunike tu ukalala, anza upya.