Sabuni ya Nyumbani: Tahadhari kwa Anayeanza

Je, wataka kujitengenezea sabuni bila kuipika? Kwa gramu 500 za mafuta ya nazi, pima kwa mizani gramu 85 za kostiki soda na gramu 190 za maji. Kwenye baridi ya Kabianga, Kericho, mafuta haya huganda, yayeyushe kwanza.

Vaa glavu na miwani. Tia kostiki soda ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu yake: huchemka na kuruka. Epuka sufuria ya alumini, kwani huliwa. Ikipoa, koroga na mafuta hadi iwe nzito kama uji. Mimina kwenye kasha. Ngoja wiki nne.

Ikikurukia, jioshe kwa maji mengi dakika 20. Mtoto akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali.