Dhahabu, Chuma na Zebaki: Mwanzo wa Elimu ya Kemia

Kemia ni elimu ya kujua vitu vimefanywa kwa nini, na jinsi vinavyogeuka vikutanapo na moto, maji, hewa, au vitu vingine. Watu wengi hudhani ya kuwa elimu hiyo hukaa katika chupa za wataalamu wa nchi za mbali. Sivyo. Mama awashaye makaa, fundi afuaye jembe, na mchimbaji aoshaye mchanga wa dhahabu, wote hutumia kemia kila siku, ingawa hawaiiti kwa jina hilo.

Ushirombo ni mahali pazuri pa kuanzia somo hili. Mapadri Weupe walianzisha misioni huko mwaka 1891, na siku hizi mji huo ni makao makuu ya wilaya ya Bukombe katika mkoa wa Geita. Toka hapo kuelekea Geita, na upande wa pili hata Kahama, miamba ya nchi ina dhahabu. Basi mambo ya nchi hiyo yenyewe yatosha kufundisha misingi ya kemia.

1. Elementi na mchanganyiko

Elementi ni kitu kisichoweza kutengwa kwa njia za kemia hata kikatoa vitu vingine. Dhahabu ni elementi: ikikatwa, ikipondwa, ikiyeyushwa, ni dhahabu ile ile. Kadhalika chuma, shaba, zebaki, kaboni iliyo katika makaa, na oksijeni iliyo katika hewa. Elementi zinazojulikana ni 118, na vitu vyote tuvionavyo vimejengwa kwa hizo, kama vile maneno yote ya kitabu yanavyoandikwa kwa herufi chache. Kila elementi ina alama yake. Alama ya dhahabu ni Au, nayo yatoka katika neno la Kilatini, aurum. Alama ya zebaki ni Hg, kutokana na neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya fedha ya majimaji.

Vitu viwili vikiwekwa pamoja, na kila kimoja kikabaki na tabia yake, huo ni mchanganyiko tu. Mchanga wenye chembe za dhahabu ni mchanganyiko. Mchanga ni mchanga, dhahabu ni dhahabu, wala hapana kilichogeuka. Kwa hiyo mchimbaji aweza kuvitenga kwa maji peke yake, maana uzito wao haulingani. Chupa ijazwayo kwa kilo 1 ya maji ingechukua kilo 19 na zaidi za dhahabu, lakini mawe meupe yenye kubeba dhahabu hayangefika kilo 3 katika chupa hiyo hiyo. Maji yakipita, mchanga huchukuliwa, na dhahabu hubaki chini.

2. Vitu viunganapo

Msumari ukiachwa nje wakati wa masika, hushika kutu. Kutu si chuma kilichochafuka. Ni kitu kipya, kilichozaliwa chuma kilipoungana na oksijeni ya hewa, maji yakisaidia. Chuma ni kigumu na chang'aa. Kutu ni unga mwekundu uvunjikao mkononi. Kitu kipya cha namna hii, kilichoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana, huitwa kampaundi.

Tabia ya kampaundi haifanani na tabia ya wazazi wake. Chumvi ya chakula imeundwa na sodiamu na klorini. Sodiamu ni madini laini yanayowaka kwa ukali yakitiwa majini. Klorini ni hewa ya sumu. Lakini hizo mbili zikiisha kuungana, watu hula kila siku wala hawadhuriki.

Kampaundi haitengwi kwa kuoshwa wala kwa kuchujwa. Hutaka nguvu ya kemia. Wazee wa nchi hiyo waliijua kazi hii. Warongo, wafua chuma mashuhuri wa nchi zilizo kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, walikusanya mawe yenye chuma, wakayatia tanuruni pamoja na makaa, wakavukuta moto mkali. Katika mawe hayo chuma kimefungwa na oksijeni. Makaa ni kaboni, na katika moto mkali kaboni huivuta oksijeni kwa nguvu kuliko chuma. Basi oksijeni huondoka pamoja na kaboni ikiwa hewa, na chuma hubaki kikawa jembe na mkuki.

Dhahabu haina kutu, kwa kuwa haiungani upesi na oksijeni. Kwa sababu hiyo huonekana ardhini ikiwa dhahabu tupu, hali chuma hufichika ndani ya mawe.

3. Kitu hakipotei

Msingi wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Antoine Lavoisier, alipasha zebaki moto kwa siku 12 katika chombo kilichofungiwa hewa. Unga mwekundu ulitokea juu ya zebaki, na hewa ya chomboni ilipungua kadiri ya sehemu moja katika sita. Kisha akauchukua unga ule, akaupasha moto mkali zaidi. Unga ukageuka kuwa zebaki tena, ukatoa hewa nyingi karibu sawasawa na ile iliyopungua. Hewa hiyo ndiyo oksijeni.

Lavoisier alipima kila kitu kwa mizani, kabla ya kazi na baada yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alifundisha ya kwamba katika mageuzi yote ya kemia hakuna kinachoongezeka wala kinachopotea. Kitu huweza kubadili umbo, rangi na mahali, lakini uzito wote hubaki ule ule. Kuni zikiungua, jivu lililobaki ni kidogo. Lakini kama mtu angeweza kukusanya jivu na moshi na hewa yote iliyotoka, angeona uzito wa kuni pamoja na uzito wa oksijeni iliyotumika katika kuungua.

4. Zebaki katika mialo

Sasa msingi huo utumiwe katika jambo linalogusa maisha ya watu. Dhahabu nyingine ni unga mwembamba mno, hata maji huichukua pamoja na mchanga. Kwa hiyo wachimbaji wadogo hupeleka mawe yao katika karasha yakasagwa, wakayaosha katika mialo, kisha wengi wao huchanganya mchanga uliobaki na zebaki ndani ya karai. Zebaki ni madini ya pekee: katika joto la kawaida huwa majimaji, nayo ni nzito hata msumari wa chuma huelea juu yake. Huzishika chembe za dhahabu, ikaacha mchanga. Mchimbaji hukamua kwa kitambaa, akapata donge jeupe la dhahabu na zebaki, liitwalo amalgamu.

Kisha donge hilo huchomwa. Zebaki huchemka kwa joto la digrii 357, lakini dhahabu haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1064. Kwa hiyo zebaki hutoka ikiwa mvuke, na dhahabu hubaki. Hapo husemwa, "Zebaki imekwisha."

Mwanafunzi wa kemia na apige hesabu. Tuseme donge lilikuwa gramu 10, na dhahabu iliyobaki ni gramu 5. Gramu 5 nyingine ziko wapi? Hazikuungua zikatoweka, maana zebaki ni elementi, na moto hauwezi kuiangamiza. Zimo hewani. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, basi aliye karibu huuvuta bila kujua. Kama kazi hiyo imefanywa jikoni, mvuke hupoa, ukashika ukutani, juu ya paa, na katika nguo, nao hutoka tena kidogo kidogo siku nyingi baadaye. Aliyekwenda kucheza nje wakati wa kuchoma, akarudi kulala humo usiku, hakuokoka.

Mvuke huo huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, usingizi huruka, na kumbukumbu hupungua. Mtoto aliye tumboni mwa mama huweza kudhurika kabla hajazaliwa.

Sehemu nyingine ya zebaki huanguka chini, ikaingia katika mito na maziwa. Huko vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa kampaundi iliyo kali zaidi, nayo huingia katika samaki. Katika mji wa Minamata, nchi ya Japani, watu waliokula samaki wenye sumu hiyo, iliyotoka kiwandani, walipatwa na ugonjwa mbaya uliotambuliwa mwaka 1956. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyokubaliwa mwaka 2013, yaliitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliyaridhia mwaka 2020. Yanataka watu waache kuchoma amalgamu mahali pa wazi, na hasa karibu na makazi.

5. Kemia yenyewe yafundisha kinga

Ugali upikwapo, mvuke hupanda, ukakutana na kifuniko, ukawa matone ya maji. Mvuke wa zebaki nao huwa hivyo. Donge likipashwa moto ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa vema, chenye bomba lipozwalo kwa maji, mvuke hupita bombani, ukapoa, ukadondoka ukiwa zebaki tena. Chombo hicho huitwa retoti. Hukaa nje, mbali na nyumba, wala hakifunguliwi mpaka kimepoa. Mwenye retoti hukinga mapafu yake, na zebaki yake humrudia badala ya kununua nyingine. Lakini mikono iliyoshika zebaki bado yahitaji kinga, na iliyo bora kuliko yote ni njia isiyotumia zebaki kamwe.

Watoto wasiishike zebaki, wala wasikae karibu inapochomwa. Mtoto aliyejifunza somo hili aweza kumwambia baba yake kwa adabu, "Baba, zebaki haijaisha, imehamia kwetu nyumbani."

Jaribio. Tia kijiko kimoja cha chumvi katika kikombe cha maji, ukoroge mpaka isionekane. Mimina maji hayo katika sahani, uyaweke juani siku kadhaa. Onja kilichobaki.

Maswali

1. Je, maji ya chumvi ni mchanganyiko au kampaundi? Jaribio lako lathibitishaje?
2. Kwa nini maji huweza kutenga dhahabu na mchanga, lakini hayawezi kutoa chuma katika kutu?
3. Makaa yalifanya kazi gani katika tanuru ya Warongo, zaidi ya kutoa moto?
4. Donge la gramu 12 lilichomwa, ikabaki dhahabu gramu 7. Zebaki iliyokwenda hewani ni gramu ngapi?
5. Kwa maneno yako mwenyewe, mweleze jirani kwa nini si kweli kusema kwamba zebaki imekwisha.