KOMPYUTA YA ZAMANI NA MPYA ZISIPOSIKIZANA

Ndugu na dada wa vikundi, wengi wenu mlipata kompyuta kuukuu za msaada, halafu mkachanga mkanunua laptopu. Sasa hesabu ya mikopo iko kwa ile ya zamani, mweka hazina anatumia mpya, na hizo mbili hazisikizani. Msikimbilie kumlaumu mweka hazina.

Kwanza angalieni yaliyo rahisi. Je, zote zimeunganishwa kwa raota moja? Saa zingine laptopu inatumia intaneti ya simu ya mtu na hakuna aliyegundua. Kwenye laptopu, mtandao uwekwe kuwa wa binafsi, maana ukiwa wa umma kompyuta hujificha. Tena, ile yenye folda iwe na jina la mtumiaji na neno la siri. Zamani folda iliachwa wazi kwa kila mtu. Windows za siku hizi mara nyingi hukataa folda ya namna hiyo.

Ikikataa bado, ya zamani ni Windows gani? Jina huonekana inapowaka. Windows 7 inaweza kuelewana na mpya. Lakini Windows XP inajua lugha moja tu ya kugawana faili, iitwayo SMB1. Mwezi wa Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipitia udhaifu wa lugha hiyo vikafunga faili katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza. Mwaka huo huo Microsoft ilianza kuiondoa katika Windows 10.

Fundi atawaambia, "Nitairudisha, dakika tano tu." Itafanya kazi, ndiyo. Mimi singekubali. Ni kung'oa kufuli la nyumba nzima ili mgeni mmoja apite.

Afadhali flashi. Mkiichomeka kwenye laptopu, ichunguzwe virusi kabla ya kufungua chochote. Linganisheni jumla na kitabu cha mkono mbele ya wanachama watatu, watie sahihi, na kutoka siku hiyo mikopo iandikwe kwa laptopu peke yake. Hapa ndipo vikundi huumia: faili inabaki mahali pawili, huku mama amelipa shilingi 2,000, kule bado anadaiwa, na mkutano unageuka ugomvi. Ile ya XP itoeni kwa mtandao, watoto wajifunzie kupiga chapa.

Kazi hii ifanyeni asubuhi. Hapa Kericho radi hupenda kuja alasiri. Kabla haijaanza kunguruma, chomoeni nyaya zote za stima, hata wa raota.