Mtoto Akitimiza Miezi Sita: Chakula cha Kwanza Mukuru kwa Njenga

Saa kumi na mbili asubuhi, njia za kutoka Mukuru kwa Njenga kuelekea Eneo la Viwanda hujaa watu wanaokwenda kutafuta kibarua. Miongoni mwao wamo akina mama waliojifungua miezi miwili au mitatu iliyopita. Mtoto ameachwa kwa jirani, kwa nyanya yake au katika kituo cha kulelea watoto, na pamoja naye chupa ya uji mwepesi. Mama hakupenda, lakini kodi ya nyumba haingoji.

Hivyo ndivyo siku ya mtoto kuanza kula inavyoamuliwa katika nyumba nyingi za mabati, kabla kliniki haijasema lolote. Utafiti wa kituo cha APHRC uliochapishwa mwaka 2011, kuhusu mitaa ya Korogocho na Viwandani, ulikuta kwamba ni takriban asilimia 2 tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Viwandani iko katika ukanda mmoja na Mukuru. Shida za mama wa huku na wa kule ni zile zile.

Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wanasema jambo moja: mtoto anyonye tu hadi atimize miezi sita, yaani siku 180. Asipewe maji, uji, glukosi wala maji ya sukari ya kutuliza tumbo, ila dawa iliyoagizwa na mhudumu wa afya. Mtoto wa miezi mitatu akilia usiku, majirani husema maziwa ya mama hayatoshi. Mara nyingi yanatosha. Mtoto hulia kwa joto, kwa gesi tumboni, au kwa kutaka kubebwa. Kipimo cha maziwa ni mizani ya kliniki na mikojo sita au zaidi kwa siku. Kilio peke yake si kipimo. Ushauri huu unamhusu pia mama anayeishi na virusi vya ukimwi, mradi anameza dawa zake kila siku na kuhudhuria kliniki.

Mama anayerudi kazini anaweza kukamua maziwa kwa mkono asubuhi kabla ya kutoka. Huyakamulia katika kikombe safi kilichochemshwa na kukifunika. Chumba cha mabati hupata joto haraka, kwa hiyo maziwa hayo yatumike ndani ya saa nne na yawekwe pembeni palipo na kivuli. Mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe, maana chupa ni ngumu kuoshwa vizuri pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua. Kwa mama wa kibarua cha siku sheria hiyo bado iko mbali, lakini inafaa ajue kwamba ipo.

Miezi sita ikitimia, hatari hugeuka upande wa pili. Madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto yanakuwa yamepungua, na maziwa peke yake hayamtoshelezi tena. Mama anayechelewa hadi mwezi wa nane humpunguzia mtoto damu na nguvu bila kujua. Mtoto aliye tayari huketi akishikiliwa kidogo, hukaza shingo, hunyosha mkono kuelekea sahani ya mama, na hasukumi tena kijiko kwa ulimi.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa miezi saba au minane hubeba takriban mililita 200 tu kwa wakati mmoja. Likijaa maji yenye unga kidogo, mtoto hushiba na bado ana njaa. Uji uwe mzito: kijiko kikiinamishwa, usimiminike kama chai. Viazi, malenge au ndizi za kupika zipondwe kwa uma, na kulainishwa kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa.

Kosa la pili huuzwa kwa posho mill. Mahindi, wimbi, mtama, njugu, soya na omena husagwa pamoja, na mama huambiwa kwamba huo ndio uji wa kumpa mtoto nguvu. Wimbi, mtama na mahindi zote ni nafaka. Mtoto aliyepewa zote tatu amekula chakula cha aina moja. Soya haiivi kwa dakika chache za kupika uji, omena iliyosagwa huharibika upesi, na njugu zilizoingia unyevu huota kuvu yenye sumu. Unga wa nafaka moja unatosha. Vingine viongezwe jikoni, kimoja kimoja.

Omena inafaa sana, na inapatikana kwa kipimo kidogo karibu kila kibanda. Ichambuliwe, ioshwe kwa maji moto mara mbili tatu ili mchanga utoke, ikaangwe bila mafuta hadi ikauke, kisha itwangwe na kuchekechwa. Kijiko kidogo cha unga huo juu ya viazi vilivyopondwa humpa mtoto protini na madini ambayo supu ya mifupa haina. Supu ina harufu ya nyama tu. Yai lililoiva vizuri na ini lililopikwa na kukunwa hufaa tangu mwezi wa sita. Maharagwe yaliyoiva sana na kumenywa maganda hufaa pia, na mboga kama terere au managu ikatwe laini. Chumvi na sukari hazihitajiki. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, na asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja.

Kiasi huanza kwa vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku. Kufikia miezi minane mtoto hula hadi nusu kikombe cha mililita 250, mara mbili au tatu. Kuanzia miezi tisa hula nusu kikombe au zaidi mara tatu au nne, na akitimiza mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima, pamoja na matunda katikati ya milo. Kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi. Chakula kipya kijaribiwe siku mbili tatu kabla ya kingine. Mtoto akikitema leo, apewe tena kesho bila kulazimishwa.

Maji ya kupikia na kunywa yachemshwe, na mikono ya mlezi na ya mtoto ioshwe kwa sabuni. Chakula kilichopikwa asubuhi kisiachwe hadi jioni. Mama akiacha chakula kwa mlezi, ni bora aache viungo na maelezo, mlezi apike kidogo mchana.

Mtoto akiharisha, asinyimwe chakula. Anyonye zaidi, apewe ORS na zinki kutoka kliniki, na akipona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Katika miezi sita pia hupata tone la vitamini A, na uzito wake huandikwa katika Kitabu cha Mama na Mtoto. Mstari wa uzito ukilala miezi miwili mfululizo, mama asingoje chanjo ya miezi tisa. Mhamasishaji wa afya ya jamii ana utepe wa kupima mkono wa mtoto. Ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikivimba, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.