Waitaliano, Kahawa na Nyanya Yangu

Ukitaka kuwaona Waitaliano si lazima upande ndege. Panda basi hadi Mombasa, kisha matatu ya kwenda Malindi. Mjomba wangu huuza huko vinyago vya mawe ya Tabaka, na akirudi nyumbani Disemba hutusalimu kwa "chao!" Sisi hucheka, maana kwa Kiswahili "chao" ni kitu cha wenyewe. Kumbe kwa Kiitaliano ni salamu, ya kukutana na hata ya kuagana.

Walifikaje Malindi? Watu husema walifuata ufuo tu. Lakini katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Wageni wengine wakaja, wakafungua hoteli na mikahawa. Vijana wengi wa Malindi huongea Kiitaliano bila kukisoma darasani. Maneno mengi ya lugha hiyo huishia kwa irabu kama yetu, ndiyo maana piza, spageti na makaroni hayatushindi kutamka.

Lakini mjomba anasema kilichomshangaza si piza, ni kahawa. Asubuhi wao huinywa na maziwa. Baada ya chakula cha mchana, maziwa ni kama mwiko. Huletwa kikombe kidogo cha kahawa nyeusi, mtu akamaliza kwa mafunda mawili matatu huku akibishana juu ya mpira. Huko kwao Italia, jioni watu huvaa vizuri na kutembea barabarani bila kutumwa popote. Matembezi hayo huitwa passeggiata. Jaribu hayo hapa kwetu uone kama hutaulizwa umefukuzwa na nani!

Tena si watu wa mchezo kwa chakula. Mwaka wa 1986 waliandamana mjini Roma kupinga kufunguliwa kwa mkahawa wa Kimarekani wa vyakula vya haraka. Kutokana na upinzani huo Carlo Petrini na wenzake wakaanzisha chama cha Slow Food, ambacho alama yake ni konokono. Ati watu wanagombania haki ya kula polepole.

Sasa sikiliza jambo linalotuhusu. Kisii tumelima kahawa tangu miaka ya 1930. Italia huinunua kutoka nje. Lakini mwaka wa 1933 Alfonso Bialetti alitoa birika dogo la kahawa liitwalo moka, likaenea katika nyumba za Waitaliano. Wao wakashika birika, sisi tukashika kikapu. Nyanya yangu amechuma kahawa tangu akiwa msichana. Ile nyekundu hupelekwa kiwandani, humenywa, hulowekwa, huoshwa, huanikwa, basi, imeenda. Yeye hunywa chai. Siku moja nilimwuliza kahawa ina ladha gani.

"Mjukuu wangu," akanijibu, "ina ladha ya karo ya shule."

Jibu hilo lilinikaa rohoni. Likizo ya Disemba tulichukua mbuni, yaani ile kahawa iliyokaukia mtini, tukaitwanga kinuni na kuipeta kwa ungo. Ya kwanza niliichoma ikawa makaa. Ya pili ilitoa harufu iliyomfikisha jirani uani. Hatukuwa na moka. Tuliichemsha kwa sufuria, tukaichuja kwa chujio la chai. Mjomba akatuambia tusidhani Mtaliano ndiye aliyewafundisha watu wa Pwani kikombe kidogo. La hasha! Waswahili walikuwa wakinywa kahawa chungu barazani, ikimiminwa kutoka kwenye dele na kuliwa kwa kashata, zamani kabla ya hoteli hizo.

Nyanya alionja, akakunja uso, akaitisha sukari. Kisha akaitisha kikombe kingine. Jirani naye akavuta kiti. Wakaanza kusimulia habari za mwaka waliopanda miche ile, nani aliiba mbolea ya nani, na giza likaingia wamekaa hapo hapo.

Mama akatoka jikoni akauliza ni nani atakayekamua ng'ombe.

"Ng'ombe angoje," nyanya akasema, "tunakunywa kahawa."