MAUA NDANI YA CHUPA YA MAJI
Somo kwa mama wanaokuja kupima watoto



Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja alituuliza: «Niliweka maua yangu mu chupa ya mayi, yakaota muzuri. Sasa chupa iko na utelezi wa kijani, na majani yanaanza kuoza. Nifanye namna gani?»

Wengine walicheka, sababu kiliniki si shamba la maua. Lakini sisi tulimwuliza: «Mama, ndani ya ile chupa hakuna vidudu vinavyocheza-cheza?» Akajibu: «Viko, tena vingi!» Basi, tuliona kwamba neno hili ni somo la afya kweli.

1. Ule utelezi wa kijani ni nini?

Ni mimea midogo sana. Mmoja peke yake hauonekani kwa macho, lakini ikiwa mingi inafanya maji kuwa ya kijani, na inajishika kwenye kioo na kwenye mizizi. Inahitaji vitu 3: maji, mwangaza na chakula. Chakula chake kinatoka katika majani yaliyooza, udongo uliobaki kwenye mizizi, ao mbolea.

Utelezi huu hauui maua mara moja. Lakini unakula chakula chao, na usiku unamaliza hewa iliyo ndani ya maji. Mizizi ikikosa hewa, inakuwa nyeusi, inalegea, na inanuka.

2. Na vile vidudu?

Ni watoto wa mbu. Mbu jike anazaa mayai, mayai yanatoa vidudu, na vidudu vinakula ule utelezi na uchafu wa maji. Wakati wa joto, karibu juma moja tu linatosha, kiisha mbu anaruka kutoka ndani ya chupa yako.

Mbu si wa namna moja. Mbu wa malaria anauma usiku, na mara nyingi anazaa katika madimbwi ya inje. Yule anayependa chupa, makopo, mapipa na mipira ya zamani ya motokari ni mbu mweusi mwenye alama nyeupe miguuni. Yeye anauma muchana. Anaweza kuleta homa ya manjano, na pia chikungunya, ile homa inayoumiza sana viungo. Tusiseme kwamba ni mambo ya mbali. Mwaka 2016 homa ya manjano ilitoka Angola ikafika hata Kinshasa, na mamilioni ya watu walichanjwa. Mwaka 2019 chikungunya ilishika watu wengi Kinshasa na Kongo-Central.

Mbu huyu ana akili moja mbaya: anabandika mayai yake kwenye ukuta wa chupa, juu kidogo ya maji. Mayai yanaweza kukauka miezi mingi bila kufa. Siku maji yanapoyafikia, yanatoa vidudu. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake haitoshi. Lazima kusugua chupa.

3. Namna ya kutunza maua vizuri

— Kata tawi chini kidogo ya kifundo, sababu mizizi inatoka kwenye kifundo. Matembele yanaota vizuri sana ndani ya maji. Mama anaweza kuanza nayo.
— Ondoa majani yote yatakayokuwa ndani ya maji. Jani likizama, linaoza.
— Usijaze chupa. Acha sehemu ya juu ya mizizi ipate hewa.
— Zuia mwangaza usiingie katika maji. Tumia chupa ya rangi nyeusi ao kopo, ao funga chupa kwa kitambaa. Majani yapate mwangaza, mizizi ikae gizani. Weka karibu na dirisha, lakini si katika jua kali.
— Badili maji mara 2 kwa juma. Chagua siku mbili usizozisahau, kama Jumatano na Jumamosi.
— Kila mara, tia mchanga na sabuni kidogo ndani ya chupa, tikisa kwa nguvu, sugua mpaka shingoni, kiisha suuza vizuri. Hivi unatoa utelezi na mayai ya mbu pamoja.
— Osha mizizi polepole kwa maji safi. Mizizi mizuri ni myeupe na migumu. Ile nyeusi inayonuka, ikate.
— Maji ya zamani umwage juu ya udongo mukavu, penye jua. Usiyamwage katika mufereji wenye maji.
— Usitie sukari ndani ya maji. Majani yakianza kuwa manjano hata kama maji ni safi, maua yana njaa. Yapande katika udongo.

4. Mama, angalia watoto!

Usitumie chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu. Na chupa ya maua isikae pahali mtoto anaweza kuifikia na kuinywa.

Maua mengine yana utomvu mukali. Moja ni lile la majani makubwa yenye madoa meupe. Lingine ni lile la kutambaa lenye majani ya kijani na mistari ya manjano. Mtoto akiyatafuna, kinywa kinamuwaka na ulimi unaweza kuvimba. Ikiwa hivyo, toa majani kinywani, panguza kwa kitambaa chenye maji, umpe maji ao maziwa kidogo. Usimtapishe. Kama anavimba, hawezi kumeza, ao anapumua kwa shida, umlete hospitali mbio.

5. Maneno ya kukumbuka

Mtoto akiwa na homa, usikae nyumbani ukisema «ni mbu tu». Umlete mapema apimwe damu. Alale chini ya chandarua kila usiku, hata akilala muchana. Na akifika miezi 9, umlete apate chanjo ya homa ya manjano.

Maulizo ya kujibu na jirani yako:
1. Juu ya nini utelezi unaota katika chupa nyeupe kuliko katika kopo?
2. Mbu anabandika mayai yake wapi?
3. Nyumbani kwako, ni vyombo gani vingine vinavyoshika maji? Pipa? Kopo nyuma ya nyumba? Sahani chini ya maua?

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Chupa aliifunga kwa kipande cha kitenge cha zamani, na maua yalikuwa yametoa majani mapya 4. Akasema: «Vile vidudu sivioni tena.» Mama, leo ukifika nyumbani, anza na kuangalia chupa yako.